Samaki Wasio na Madume

Mkulima, wajua vema kwamba ndama huchukua damu ya fahali na ya mama yake. Lakini katika mito ya kaskazini-mashariki ya Meksiko na ya kusini mwa Texas, Marekani, wako samaki wadogo ambao wote ni majike. Wataalamu huwaita Poecilia formosa. Carl na Laura Hubbs walieleza habari zao mwaka 1932.

Je, huzaaje? Jike hupandwa na dume wa samaki wa aina nyingine iliyo karibu naye. Mbegu ya dume huliamsha yai tu. Damu yake haiingii kwa mtoto. Basi watoto wote huwa majike, sawa na mama yao, kama viazi vilivyotoka katika shina moja.

Faida ni kwamba kila mtoto aweza kuzaa. Hatari ni kwamba ugonjwa ukimshinda mmoja, waweza kuwashinda wote. Tena madume wa jirani wakitoweka, nao watakwisha.

Nawe ukipanda viazi vya aina moja shamba zima, kumbuka hatari hiyo. Chagua mbegu safi, wala usitegemee aina moja tu.