Maulidi Gani? Mafunzo Niliyopata Mkekani

Nimekulia Mombasa, katika nyumba ambayo mikeka ya maulidi haikai stoo muda mrefu. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Uliza kwanza, maulidi ya nini?

Maulidi ni siku: tarehe 12 Mfunguo Sita, tunayoadhimisha kuzaliwa kwa Mtume (s.a.w.). Maulidi ni kitabu kinachosimulia uzawa huo. Na maulidi ni watu waliokaa pamoja kukisikiliza kitabu hicho, mwezi wowote ule. Mtu akihamia nyumba mpya, akirudi Hija, akiozesha au akijaliwa mtoto, husomesha maulidi. Aliyeyajua kwa kalenda tu hushangaa kualikwa maulidini mwezi wa Rajabu. Mtu wa Pwani hashangai; huuliza ni ya nini, kisha akajua avae nini na aende na nani.

2. Kitabu ndicho kinachoamua usiku utakuwaje

Kwetu husomwa Barzanji, kazi ya Jaafar al-Barzanji, mwanachuoni wa Madina wa karne ya 18. Wasomaji hupokezana milango. Kila mlango ukiisha, waliohudhuria humsalia Mtume. Kisa kikifika kwenye uzawa wenyewe, wote husimama, na hapo ndipo penye kiyamu. Mrashi unapita, chetezo cha udi kinapita. Wanaosoma Habshi, maulidi ya Ali bin Muhammad al-Habshi wa Hadhramaut, huingiza dufu na kasida, na usiku hurefuka. Mimi ni wa Barzanji, maana nalisikia kila neno. Ndugu yangu husema nimezeeka mapema.

3. Lamu: la kale liliwahi kuwa jipya

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, aliweka darasa lake Lamu na kuwapokea watu ambao wakubwa wa mji hawakuwahesabu, wakiwemo waliotoka utumwani na vizazi vyao. Ndiye aliyeyapa nguvu maulidi ya Habshi mjini humo, na dufu zake. Walikuwapo wanachuoni waliopinga vikali dufu kupigwa msikitini. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, na leo Msikiti wa Riyadha ndio kitovu cha maulidi ya Lamu. Wageni hutoka pwani nzima kwenda kuzuru kaburi lake, na nje ya kisomo kuna kirumbizi (mchezo wa fimbo), mbio za punda na mashindano ya majahazi. Kwa hiyo mtu akiniambia dufu ni "mila yetu tangu na tangu", namwambia asome habari za Lamu vizuri. Lilikuwa jambo geni lililozozaniwa, likashinda.

4. Asiyekaa kisomoni si adui

Wapo Waislamu wanaosema maulidi ni bid'a, yaani uzushi katika dini, kwa kuwa Mtume na masahaba hawakuyafanya. Mjadala huo ni wa wanachuoni, nami siumalizi hapa. Ila katika ukoo wetu yupo mjomba wa msimamo huo, na kila mwaka hualikwa.

"Mjomba, karibu maulidi."

"Maulidi siyajui, mwanangu. Pilau naijua."

Huja kisomo kikiisha, hula, hutuombea dua, huondoka. Hakuna anayemnunia. Naona huo ni ustaarabu mkubwa kuliko mihadhara mingi ya kurushiana aya.

5. Wanawake wana yao

Wana kikao chao, wasomaji wao na kasida zao. Wanaume hudhani wanachofanya wanawake ni kupika chakula tu. Mama zetu wanajua Barzanji kwa moyo kuliko wengi wetu.

Basi ukipata mwaliko, mpigie mwenyeji umuulize mambo mawili: ni ya nini, na ni kitabu gani. Kisha fika kabla ya kiyamu, kwani anayeingia watu wakiwa wamesimama huishia kukaa penye viatu.