Fuwele Miminika: Si Yabisi, Si Kimiminika Tu

Shuleni tulifundishwa kwamba maada ina hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Mwaka 1888, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, akiwa Prague, alipasha moto kemikali itokanayo na kolesteroli. Kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi iliyeyuka ikawa na ukungu. Kwenye nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka. Mwanafizikia Otto Lehmann aliichunguza kwa hadubini, akaona inatiririka kama kimiminika lakini inaathiri mwanga kama fuwele. Baadhi ya wanakemia walikataa, wakisema ni uchafu uliochanganyika tu.

Leo fuwele hizo zimo katika kioo cha kikokotoo, kati ya vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana. Bila umeme, molekuli hujipanga kwa msokoto wa robo duara, zikauzungusha mwanga hadi upite kichujio cha pili. Umeme ukipita, msokoto hunyooka, mwanga huzuiwa, na tarakimu nyeusi huonekana.

Sisi tunaosoma falsafa tunahitaji kugawa vitu katika mafungu. Lakini tukikutana na kitu kisicho na fungu, tukichunguze kwanza kabla ya kukiita uchafu.