Hofu ya Sindano na Damu: Kuishi Nayo na Kuipunguza

Wapo watu wazima wanaomeza dawa za malaria bila kupima kwa kuwa hawataki kutobolewa kidole. Wapo wajawazito wanaochelewa kuanza kliniki kwa sababu wanajua siku ya kwanza watatolewa damu. Wengine huumwa jino hadi shavu likavimba. Nyumbani huambiwa wanadeka. Kijitabu hiki ni chao, na cha wanaoishi nao.

Hakuna anayependa sindano. Huitwa fobia pale hofu inapozidi mno hatari yenyewe, ikadumu kwa miezi, na ikaanza kumwamulia mtu aende wapi na akwepe nini. Mara nyingi huanza utotoni, na si ajabu mzazi na mtoto wote kuwa nayo.

Kwa nini watu huzimia

Anayeogopa nyoka moyo humwenda mbio, lakini ni nadra kuanguka. Hofu ya damu na sindano ina mwendo wake. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupanda, kisha hushuka ghafla, na damu inayofika kwenye ubongo hupungua. Macho huingia giza, masikio huvuma, jasho la baridi hutoka, mtu anaanguka. Akitikisika kidogo, walio karibu hudhani ni kifafa au mashetani. Kwa kawaida huzinduka upesi akilazwa chali na kuinuliwa miguu. Anayezimia pasipo damu wala sindano, au anayechelewa kuzinduka, achunguzwe hospitali.

Ndiyo maana ushauri tunaousikia kila siku, “tulia, legeza mwili,” haumfai mtu huyu. Shinikizo lake linashuka, naye anahitaji kulipandisha. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, na wenzake walionyesha kwamba kukaza misuli husaidia.

Keti. Kaza mikono, mapaja na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uhisi joto usoni. Achia kwa sekunde 20 hadi 30 bila kulegea kabisa. Rudia mara 5. Jizoeze nyumbani kwa siku kadhaa kabla ya kwenda kuchomwa, na siku hiyo ukaze miguu na tumbo huku mkono unaochomwa ukiachwa umelegea. Mjamzito, mwenye presha au ugonjwa wa moyo, na aliyefanyiwa upasuaji karibuni waulize kwanza mhudumu wa afya.

Kukwepa hulisha hofu

Ukigeuka mlangoni mwa maabara unapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo huufundisha mwili kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Safari ijayo mlango huo utatisha zaidi. Basi sogea kidogo kidogo. Tazama picha ya bomba la sindano. Shika bomba jipya lililo ndani ya pakiti yake. Msindikize ndugu kliniki, ukae naye benchini. Mtazame akitobolewa kidole. Kaa katika kila hatua hadi hofu ipungue ndipo uende inayofuata, na ukihisi kizunguzungu, kaza misuli.

Ukifika zamu yako, sema mapema: “Samahani nesi, mimi huzimia nikichomwa. Naomba nilale.” Ni ombi la kawaida. Baada ya kuchomwa usiinuke haraka.

Kwa wazazi

Kauli ya “ukilia nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano” tunaomba iachwe kabisa. Inamfanya mtoto aione tiba kama adhabu. Wala usimwambie haitauma. Itauma kidogo, na akigundua umemdanganya hatakuamini tena. Mwambie ukweli kwa ufupi, mpakate, mwongeleshe habari nyingine wakati anachomwa.

Hofu ikiendelea kukuzuia kupima au kutibiwa, omba rufaa ya kumwona mwanasaikolojia au kliniki ya afya ya akili. Ugonjwa wa dharura usisubiri mazoezi haya: nenda leo, na umwambie mhudumu unachoogopa.