Kinjeketile Wetu Bado Hajakariri

Shikamoo Mwalimu,

Ninasoma sanaa za maonyesho, mwaka wa pili. Mtihani wangu wa vitendo ni kuongoza tamthilia, nami nimechagua Kinjeketile. Zimebaki wiki tatu. Kila jioni tunaanza ukurasa wa kwanza, na kabla hatujafika katikati watu wanaanza kuaga. Anayeigiza Kinjeketile ni rafiki yangu, tunakaa chumba kimoja bwenini. Anachelewa, bado anashika kitabu, na nikimgusia anasema siku yenyewe ikifika ataweza tu. Wengine ninawaonyesha kila sentensi inavyotakiwa kusemwa, lakini kesho yake wamesahau. Juzi nilifoka mbele ya wote, na wasichana wawili hawajarudi. Nafikiria nimwondoe rafiki yangu, nafasi yake niichukue mwenyewe, maana maneno yote ninayajua. Je, nifanye hivyo? Na ule mto niuweke vipi jukwaani?

Mwongozaji aliyeelemewa, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu.

Nafasi hiyo usiichukue. Ukishapanda jukwaani, nani atakaa viti vya nyuma asikilize kama sauti zinafika? Tena, nikikusoma vizuri, tatizo lako halikuanzia kwa rafiki yako. Limeanzia kwenye huo ukurasa wa kwanza mnaourudia kila jioni. Zoezi lina maana pale jambo linapoamuliwa: nani anasimama wapi, anataka nini, ngoma inanyamaza lini. Likishaamuliwa, kesho halijadiliwi tena, mnasonga mbele. Ninyi mnarudia, hamuamui.

Leo usiku kigawe kitabu vipande vidogo, kila kimoja kianzie pale mtu anapoingia au kutoka. Chora jedwali: upande huu vipande, upande ule waigizaji. Utaona kwamba mazungumzo ya wanawake hayahitaji askari waliokaa ukutani wakichezea simu. Waite wanaohusika tu, mfanye kazi saa moja, muachane. Mtu akijua kwamba akifika hatakaa kusubiri, huanza kufika kwa wakati. Kundi zima liite siku zake maalumu, kwa sehemu zenye umati na ngoma. Hizo zianze mapema, kwa sababu ndipo ngoma inapomeza maneno. Mpiga ngoma apewe ishara ya kushusha, na ishara hiyo uiandike kitabuni mwako.

Pili, acha kuwaonyesha. Ukimsemea mwigizaji sentensi, anakariri sauti yako, na sauti ya mtu mwingine haikai. Muulize: hapa unataka nini kwa huyu aliye mbele yako? Chukua onyesho la gerezani. Kinjeketile ameteswa, na anatakiwa atamke kwamba maji aliyowapa watu wajikinge na risasi yalikuwa uongo. Kitunda anamsihi akubali, maana anataka mwenzake apone. Kinjeketile mwenyewe ana shaka na maji, ila anajua kwamba akiyakana, lile lililowaunganisha watu litakufa pamoja naye. Kitunda anavuta huku, Kinjeketile kule. Wape wawili hao jambo hilo tu, walifanye mara mbili tatu kwa maneno yao wenyewe, kisha warudi kwenye maneno ya kitabu. Yatashika, kwa sababu kila sentensi sasa ina kazi. Ukimwona Kinjeketile anatafuta ushujaa kwa kupaza sauti, mwambie ashushe, ile shaka isikike.

Na akikuambia kwamba bado anamtafuta Kinjeketile halisi, mkumbushe kuwa Ebrahim Hussein, ambaye tamthilia yake ilichapishwa 1969, ametahadharisha mwenyewe katika utangulizi kwamba mhusika wake si yule wa historia. Yule wa historia, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Kwa Hussein uzito uko kwenye uamuzi wa mtu huyu, wala hauko kwenye kitanzi.

Sasa urafiki. Zungumza naye bwenini, si ukumbini. Mpe tarehe za kuweka kitabu chini, kipande kwa kipande, na mteue mwigizaji wa akiba ambaye wote wawili mnamjua tangu leo. Tarehe ikipita hajakariri, wa akiba anaingia. Hapo hakuna wa kukulaumu, kwani mlikubaliana. Mtu mwingine akae na kitabu kuwakumbusha wanaokwama, ili macho yako yabaki jukwaani. Wale wasichana wafuate mwenyewe. Ulifoka mbele ya wote, basi na radhi iombe mbele ya wote.

Mto usikunyime usingizi. Masimulizi ya kale yanasema Kinjeketile alizama majini akatoka mkavu, kwa hiyo ndoo na nailoni huzihitaji, na sakafu iliyolowa ni hatari kwa wacheza ngoma. Walio ukingoni wakikaza macho mahali pamoja, hadhira itauona mto. Ila wakubaliane ni mahali gani hasa. Mmoja akitazama pembeni, mto umekauka.

Wiki ya mwisho pitisheni mchezo mzima bila kusimama. Hata mtu akikosea, wewe andika tu, useme mkimaliza. Maleba yavaliwe mapema pia, kwani aliyezoea kucheza na jinzi atajikwaa siku atakapofungwa kaniki.

Kesho jioni, basi, waite watu wawili tu, Kinjeketile na Kitunda, muanzie gerezani. Kwa mwendo mlioenda nao, hicho ndicho kipande ambacho hamjawahi kukifikia, na mtahini atakitazama kwa makini kuliko ukurasa wa kwanza.