Mombasa hadi Nairobi: Ndege ya Saa Moja, Safari ya Saa Tano

Mkazi wa Likoni aliyepewa rufaa ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na kutakiwa afike saa nne asubuhi, hutazama tiketi ya ndege kwanza. Tiketi inasema saa moja. Hapo ndipo hesabu huharibika, na anayekosa miadi ya daktari bingwa huenda akasubiri sana kupata nyingine.

Umbali wenyewe hauna utata, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuukokotoa. Mombasa iko digrii 4.04 kusini mwa Ikweta na digrii 39.67 mashariki. Nairobi iko digrii 1.29 kusini na 36.82 mashariki. Tofauti ni digrii 2.75 kwa latitudo na 2.85 kwa longitudo. Karibu na Ikweta kila digrii ni takriban kilomita 111 kwa pande zote mbili, hivyo pande za pembetatu ni kilomita 305 na 316. Kanuni ya Pythagoras inatoa jibu: kilomita 440 hivi kwa mstari ulionyooka. (Hesabu hii rahisi haifai London, ambako digrii ya longitudo ni kama kilomita 69 tu.) Barabara inazunguka kidogo na kufika karibu kilomita 480, reli ya SGR ni kilomita 472.

Ndege kubwa ya abiria ikishatulia juu huenda kasi ya karibu kilomita 800 kwa saa. Kwa kasi hiyo, kilomita 440 zingeisha kwa dakika 33. Lakini muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inaposimama kabisa kule iendako. Ndani yake mna kusubiri zamu ya kuruka, kupanda polepole, kisha kupunguza mwendo ili kutua. Ndiyo maana Nairobi hadi Kisumu, ambako ni kilomita 265 tu, tiketi bado huandika karibu dakika 50.

Sasa mgonjwa wa Likoni. Ndege ya saa kumi na mbili alfajiri humtaka atoke nyumbani kwenye saa tisa usiku: avuke feri, apite kisiwani na Makupa hadi Changamwe, akaguliwe mzigo, awahi kaunta kabla haijafungwa. Anatua Nairobi saa moja. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya kilomita 15 kutoka katikati ya jiji, na msongamano wa asubuhi waweza kula saa nzima au zaidi. Anafika hospitalini saa mbili na kitu. Ni zaidi ya saa tano, na tano zenyewe ni za siku njema.

Ndege ya saa mbili asubuhi, ambayo kwenye karatasi inaonekana inatosha, haimwachii nafasi ikichelewa hata kidogo. Basi la usiku huchukua saa nane hadi kumi, lakini likiondoka jioni mara nyingi huwa limefika kabla ya ndege ya alfajiri kutua, kwa nauli ndogo zaidi. Tatizo lake ni mwili: aliyetoka kupasuliwa hawezi kukaa kitini usiku kucha. Huyo ndege inamfaa, na kiti cha magurudumu huombwa wakati wa kukata tiketi, si kwenye kaunta.