SOMO LA UFUNDI: KUIKINGA SAKITI YA CHOMBO CHA KUTAMBUA METALI

Fundi wa Kibamba anayeunda chombo cha kutambua metali kwa ajili ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Chunya au Geita hutumia betri ya volti 12 tu, naye aghalabu hudhani kwamba umeme huo hauna madhara. Hapo ndipo hasara huanzia. Transista inapoukata ghafla mkondo uliomo katika koili, koili hutoa msukumo wa volti mia kadhaa kwa kitambo kifupi mno. Msukumo huo ukiingia moja kwa moja katika sehemu ya kukuza ishara, huiunguza papo hapo, na fedha za wanachama zimekwenda.

Kinga yake ni ya bei nafuu. Kati ya koili na kikuza ishara huwekwa rezista ya omu 1,000, kisha diodi mbili zilizoelekezwa kinyume, kutoka hapo hadi waya wa ardhi. Hizo haziruhusu volti kuzidi takriban 0.7. Rezista hiyo iwe ya nusu wati au zaidi, kwani hupata joto. Rezista nyingine hufungwa sambamba na koili. Bila hiyo umeme huendelea kuyumba na kuifunika ishara hafifu ya punje ya dhahabu. Fyuzi nayo isisahauliwe.

Katibu, kabla ya kuidhinisha malipo, na ashuhudie chombo kikijaribiwa kwa sarafu iliyofukiwa shambani. Mezani penye misumari chombo chochote hulia.