Bega Likiganda, Usikubali Kuvutwa Mkono

Hebu peleka mkono nyuma kana kwamba unajisugua mgongo unapooga. Kisha uinue juu, kana kwamba unaweka sufuria kwenye rafu. Ikiwa mkono mmoja unakwama njiani, na hata mtu mwingine akijaribu kukuinulia hauendi, huenda bega limeganda.

Hali hii huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, hasa wanawake. Wenye kisukari nao huandamwa nayo sana. Kwa hivyo, bega likiganda bila ya wewe kuumia popote, mwombe daktari akupime sukari.

Mama wa Kibera anayebeba mtungi wa maji wa lita 20, au yule wa Kawangware anayekwenda Lavington kufua nguo, hana nafasi ya kungoja. Mkono ukikataa, hakuna unga. Ndiyo maana wengi hukimbilia kwa mkandaji wa mtaani, ambaye huuvuta mkono juu mpaka mgonjwa alie. Hapo ndipo mambo huharibika.

Mfupa wa mkono una kichwa cha mviringo, mfano wa mpira, kilichokaa kwenye kisahani kidogo. Unapoinua mkono kando, mpira huo hubingirika kwenda juu, lakini papo hapo huteleza kwenda chini. Usipoteleza, utagonga mfupa ulio juu yake kama dari. Mpira na kisahani vimezungukwa na mfuko ambao upande wa kwapani una mikunjo, na mikunjo hiyo hukunjuka mkono unapopanda. Bega likiganda, mfuko hukaza na mpira hukosa nafasi ya kuteleza. Sasa anayekuvuta anaugongesha mpira kwenye dari!

Mtaalamu wa fiziotherapia hafanyi hivyo. Hukulaza chali, huuweka mkono pale unapofika bila kulazimishwa, kisha huusukuma mpira wenyewe kuelekea miguuni, kidogo kidogo. Ni mwendo mdogo hata anayetazama huona kama hakuna kinachofanyika. Wagonjwa wengine hudhani wametapeliwa.

Geoffrey Maitland wa Australia, ambaye kitabu chake juu ya viungo vya mikono na miguu kilitoka mwaka wa 1970, aliupanga mwendo huo kwa viwango. Vile vya chini haviufikii ugumu wa kiungo. Kazi yake ni kutuliza maumivu. Vya juu huufikia ugumu na kuulegeza. Bega ambalo bado linakuamsha usiku hupewa vya chini. Lililobaki gumu tu, bila maumivu makali, hupewa vya juu.

Nyumbani, inama ukishika meza kwa mkono mzima, uuache ule mgonjwa uning'inie na kuuzungusha polepole. Usitegemee miujiza: bega lililoganda huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kufunguka.

Ikiwa ulianguka kutoka kwenye bodaboda, piga eksirei kwanza. Kiungo chenye joto na uvimbe, au mgonjwa mwenye homa, kifua kikuu cha mifupa au saratani, asiguswe kabla ya kuonwa na daktari.

Hospitali ya Kenyatta, isiyo mbali na Kibera, ina idara ya fiziotherapia. Ukienda kwingine, uliza kama mhudumu amesajiliwa. Sheria ya mwaka wa 2014 inamtaka awe hivyo. Maji nayo, kwa sasa, chota kwa mtungi wa lita 5.